Nyumba isizidi idadi yao: miaka mitatu ya kulea kundi la sisimizi

Leo nina sisimizi wanaokaribia 1,000 ndani ya visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mirija, na wote ni watoto wa malkia mmoja niliyemwokota miaka mitatu iliyopita, usiku uliofuata mvua kubwa, akitambaa ukutani chini ya taa. Sikuwa na ujuzi wowote wa wadudu. Nilichokuwa nacho ni udadisi, na udadisi huo nusura uniulie kundi zima mara mbili, kwa sababu nilidhani kwamba kulea kundi linalokua ni kulitangulia katika kila jambo: nyumba kubwa kabla halijaihitaji, chakula kingi kabla halijamaliza kilichopo, na macho yangu juu yake kila saa. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba mfugaji wa sisimizi anapaswa kufuata nyuma, tena kwa mbali kidogo.

Malkia wangu ni wa jenasi ya Camponotus, ambayo humfaa anayeanza kwa kuwa sisimizi wake ni wakubwa, huonekana vizuri bila lenzi, na kundi lao halikui kwa kasi. Nilimtambua kuwa malkia kwa kifua chake kinene chenye makovu madogo mahali mabawa yalipokuwa, kwani akishapandana na dume angani hutua, akayakwanyua mabawa yake mwenyewe, kisha akatafuta tundu la kujifungia. Wengi huwachanganya malkia wa namna hii na kumbikumbi, ilhali kumbikumbi ni mchwa. Ukimtazama kwa karibu utaona kiuno chake ni kipana, wakati kiuno cha sisimizi kimebanwa kana kwamba kimefungwa uzi.

Makazi yake ya kwanza yalikuwa neli ya kioo, ile itumikayo maabara. Nilitia maji hadi theluthi moja, nikasukuma pamba mpaka ikagusa maji na kulowa bila kuvuja, nikamwingiza malkia, halafu nikaziba mdomo kwa pamba nyingine kavu. Neli nikaizungushia kitambaa cheusi na kuilaza ndani ya droo isiyofunguliwa mara kwa mara. Chakula sikumpa, na hili ndilo lililonitia mashaka kuliko yote, ingawa ndivyo inavyotakiwa kwa jenasi hii. Malkia wa Camponotus hulea wanawe wa kwanza kwa akiba ya mwili wake mwenyewe: mafuta aliyoyahifadhi, pamoja na misuli ya mabawa ambayo haihitaji tena na ambayo mwili wake huiyeyusha kuwa lishe.

Siku ya tatu nilikuta mayai sita yameshikana kama kitonge kidogo cha sago. Hapo ndipo nilipoanza kosa langu la kwanza, la kumchungulia asubuhi na jioni. Kila nilipofunua kitambaa, malkia aliyabeba mayai mdomoni na kukimbia huku na huko ndani ya neli, na mwisho wa wiki ya pili mayai yalikuwa mawili tu. Mengine alikuwa ameyala. Malkia aliyesumbuliwa huyageuza mayai kuwa chakula, na ukilitazama vizuri si ukatili, ni hesabu. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti la kumtazama mara moja kwa wiki, kwa taa yenye karatasi nyekundu, kwani sisimizi wengi hawaioni vizuri rangi hiyo. Akataga upya.

Mabuu wa Camponotus wakikomaa husokota vifukofuko vya rangi ya hudhurungi, vinavyofanana na punje za ngano, kila kimoja kikiwa na doa jeusi upande mmoja, ambalo ni kinyesi cha buu kilichotolewa chote kwa mkupuo mmoja kabla hajageuka. Siku ya 48 baada ya mayai mapya nilibahatika kushuhudia kifukofuko cha kwanza kikifunguliwa. Malkia alikikwaruza kwa taya upande wa kichwa, taratibu mno, akatoboa, akapanua tundu, kisha akamvuta mtoto nje akiwa amejikunja, miguu imelala kifuani, mweupe kama maziwa na macho yake mawili meusi. Alimlamba kwa karibu saa nzima. Mtoto alipojaribu kusimama aliangukia ubavu, akabaki hivyo, huku papasi zake, vile vipapasio viwili vya kichwani, zikitikisika kidogo. Kesho yake alikuwa na rangi ya chai na alikwisha kuanza kubeba mayai.

Vibarua wa kwanza, yaani sisimizi wafanyakazi, huwa wadogo kuliko wote watakaofuata, kwa kuwa mama yao aliigawa akiba yake ndogo kwa wengi. Walipofika tisa nikaona wanastahili nyumba. Nilifinyanga kiota kwa jasi, chenye vyumba kumi na viwili, njia za kupinda na kidirisha cha kioo juu, nikakiunganisha na neli, na kwa siku mbili nilijiona fundi. Wakahamia. Baada ya mwezi niligundua kwamba nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe.

Sisimizi tisa hawawezi kulinda vyumba kumi na viwili. Walijikusanya katika kimoja, na vile vingine wakavigeuza majalala: vipande vya wadudu, vifukofuko vitupu, vinyesi. Kwa kuwa jasi ilikuwa na unyevu, ukungu ukaota juu ya taka hizo na kuanza kutambaa kuelekea kwa mabuu. Sisimizi wengi wana tezi upande wa nyuma wa kifua zinazotoa kemikali za kuzuia vimelea, lakini aina nyingi za Camponotus hazina tezi hizo, kwa hiyo nisingeweza kutegemea kwamba wataumaliza ukungu wenyewe. Nilipoteza mabuu wote na vibarua watatu. Niliwarudisha waliosalia ndani ya neli mpya kwa kuiweka gizani na kukimulika kiota kwa taa hadi walipokihama. Wakabaki humo miezi mitano zaidi, mpaka walipofika kama hamsini na kuanza kulala tabaka juu ya tabaka. Nilipowapa kiota tena kilikuwa na vyumba vitatu tu. Baadaye nilizoea kutumia kipimo kimoja: vyumba visizidi vile ambavyo sisimizi waliopo wanaweza kuvijaza wakiwa wamepumzika, kikiongezwa kimoja. Nyumba inayoonekana kuwabana ndiyo inayowapa salama, maana kila kona ina mlinzi na unyevu haukai bila mwenyewe.

Kuhusu chakula, niseme kwanza jambo ambalo lingeniokolea uchafu mwingi kama ningelijua mapema: sisimizi mzima hamezi kitu kigumu. Anameza majimaji tu, na chembe ngumu huchujwa mdomoni. Wanaoifaidi nyama ni mabuu hasa, ambao hulazwa juu ya kipande cha mdudu au kulishwa juisi yake. Kwa hiyo chakula cha kundi ni cha namna mbili, nacho hukidhi haja mbili tofauti: sukari ni nguvu ya vibarua, na wadudu ni mwili wa watoto. Sukari naichanganya na maji, sehemu moja kwa tatu, na kuidondosha juu ya kipande cha karatasi ngumu mara mbili kwa wiki. Kibarua akinywa, tumbo lake huvimba mpaka pingili zinaachana na ngozi nyembamba kati yake inang'aa kama kioo. Kisha hurudi kiotani, husimama uso kwa uso na mwenzake, wakapapasana kwa papasi, na tone dogo likahama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Tumbo hilo la mbele, kwa kweli, si lake peke yake. Ni ghala la jamii. Niliwahi kutia rangi ya chakula katika maji ya sukari, na kesho yake asubuhi karibu matumbo yote yalikuwa na rangi hiyo, ingawa niliowaona wakitoka kunywa hawakufika kumi.

Wadudu nawapa kulingana na idadi ya mabuu, si ya vibarua. Nyenje mmoja mdogo aliyekatwa vipande huwatosha mabuu thelathini hivi kwa siku mbili, na kinachobaki baada ya saa 24 nakiondoa kwa kibano. Kosa langu la tatu lilitokea hapa. Nilimkuta mende amelala chali jikoni, nikaona ni riziki iliyojileta, nikawapa. Sikujiuliza kwa nini mende mzima alale chali. Kwa siku mbili vibarua 23 walikufa, wengi wao wakizunguka mahali pamoja huku miguu ya nyuma ikiburuta, na aliyenusurisha kundi ni malkia mwenyewe kwa bahati ya kutolishwa kutoka kwa mende yule. Tangu hapo natumia wadudu waliozalishwa kwa ajili ya kulishia wanyama, ambao kwanza nawagandisha kwenye friji siku kadhaa ili kupunguza hatari ya utitiri.

Maiti wale 23 walinifundisha jambo lingine. Hawakuondolewa walipokufa, bali siku moja au mbili baadaye, kisha wakabebwa mmoja mmoja hadi kona ya taka. Mwaka 1958, mtaalamu wa sisimizi Edward O. Wilson na wenzake walionyesha kwamba sisimizi humtambua maiti kwa harufu ya asidi ya oleiki inayotokea mwili unapoanza kuoza, kiasi kwamba hata sisimizi hai akipakwa asidi hiyo hubebwa kwenda kutupwa huku akirusha miguu. Kwa mfugaji, kona hiyo ni daftari la afya. Naisafisha mara moja kwa wiki na kuhesabu waliomo. Wakizidi ghafla, najua kuna jambo hata kama kiota kinaonekana kitulivu.

Idadi ilipovuka 200, mwaka wa pili, kukatokea askari, vibarua wenye vichwa vikubwa na taya nene, na kundi likabadilika tabia. Awali walitoka wawili watatu kwa woga. Sasa nikigusa meza hujitokeza dazeni mzima, taya wazi. Ndipo walipotoroka. Kingo za uwanja wao wa kutafutia chakula nilikuwa nimezipaka mafuta ya mgando, nayo yalifanya kazi vizuri kwa mwaka mmoja, lakini vumbi lilitua juu yake polepole, na sisimizi wenyewe wakaanza kubandika humo vipande vya taka. Asubuhi moja nilikuta msafara umeshuka mguu wa meza, umevuka sakafu, umefika kwenye bakuli la sukari. Nilipoufuata kurudi nyuma nilikuta daraja lao: mguu mmoja wa nyenje uliokauka, umelala juu ya mafuta kutoka chini hadi juu. Niliwakusanya kwa brashi laini kwa muda wa saa tatu, kisha nikaifuta njia yote kwa maji ya sabuni, kwa sababu alama ya harufu waliyoiacha ingewaongoza wengine.

Siku hizi ninachanganya poda ya talki na spiriti hadi iwe kama rangi nyepesi, ninapaka ukanda wa sentimita nne ndani ya kingo, na kusubiri ikauke kabisa kabla ya kuwarudisha, maana mvuke wa spiriti huwadhuru. Poda iliyobaki hunyofoka chini ya kucha zao na wao huteleza nayo. Hewa yenye unyevu mwingi huiharibu, hivyo napaka upya kila baada ya wiki chache, na juu kuna kifuniko chenye wavu wa matundu madogo. Sitegemei tena kizuizi kimoja.

Kasi ya kukua nayo huweza kutawaliwa. Kati ya nyuzi 26 na 28 mabuu hukua upesi, nami huweka joto upande mmoja tu wa kiota ili wachague wenyewe. Vifukofuko huvipeleka kwenye joto na ukavu, mayai huyabakiza kwenye unyevu. Nikiona nafasi inaelekea kwisha kabla sijajiandaa, napunguza joto na kupunguza wadudu, lakini sukari siigusi, na baada ya wiki kadhaa malkia hupunguza kutaga. Kuwanyima wadudu kabisa sikubaliani nako, kwani vibarua hula mayai na mabuu. Wala siwezi kuwaachilia waliozidi bustanini kwa moyo mwepesi, hasa kama ningekuwa nimeleta aina isiyo ya mahali hapo. Hiyo ndiyo sababu nilichagua malkia aliyetua ukutani kwangu badala ya kuagiza wa mbali. Anayeanza afikirie pia muda. Malkia mmoja wa Lasius niger, aina nyingine ya sisimizi, aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28, akitumia mbegu za dume alizozihifadhi tangu ujana wake.

Kiota cha nne kimekwisha kukauka tangu mwezi uliopita. Kina vyumba sita, na kusema kweli ndicho kizuri kuliko vyote nilivyofinyanga. Juzi nilipokagua kisanduku cha tatu nilikuta vyumba viwili vya mwisho havina mtu, na katika kimoja wameanza kurundika vifukofuko vitupu. Kiota cha nne nimekifunga kwa gazeti na kukirudisha kabatini.