Kunyoa Ndevu kwa Wembe Mmoja, kwa Maji ya Lamu

Wanaume wengi ninaowafahamu hapa Lamu hunyoa kwa mojawapo ya njia mbili: ama huketi kwa kinyozi siku ya Alhamisi jioni wakijiandaa kwa Ijumaa, ama hununua dukani vinyoleo vya plastiki vya kutumia na kutupa. Iko njia ya tatu ambayo kizazi cha baba zetu kiliijua vizuri, nayo ni ya kinyoleo cha chuma kinachofungiwa wembe mmoja wenye makali pande mbili. Mimi huitumia kwa mashavu na shingo, nikiziacha ndevu za kidevuni, na ninayaandika haya kwa ajili ya yule anayetamani kuanza lakini anauogopa wembe.

Umbo la chombo chenyewe linatosha kuipunguza hofu hiyo. Wembe hulazwa kati ya kifuniko kilichopinda na sahani ndogo yenye ukingo, kisha mpini hukazwa kutoka chini, na makali yanayobaki nje ni ukanda mwembamba ambao unaweza kukwaruza ngozi lakini hauwezi kuzama humo kama wembe mrefu wa kinyozi unapoteleza. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuviuza vinyoleo vya namna hii mwaka 1903, mwaka ambao viliuzwa 51 tu pamoja na nyembe 168, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi huo, ikatolewa mwaka 1904. Kazi ngumu ya kupata bamba jembamba la chuma linaloshika makali ilikuwa ya mhandisi William Nickerson. Jambo la kumfurahisha mnunuzi wa leo ni kwamba kipimo cha nyembe hizo ni kimoja kwa watengenezaji karibu wote, kiasi kwamba kinyoleo kilichotoka Solingen, Ujerumani, hupokea bila taabu wembe wa pakiti ya karatasi ulionunuliwa dukani kwetu. Vinyoleo vyenye vichwa vya kubadilisha humfunga mtu kwa kampuni moja, na bei ya kichwa kimoja hununua nyembe kadhaa.

Hata hivyo, kilichonivuta zaidi si bei bali vipele. Nywele za ndevu za wengi wetu hujikunja tangu ndani ya ngozi, na zinapokatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha iliyochongoka huota ikielekea pembeni na kuuchoma ukuta wa kijitundu chake, au hutoka nje kisha ikapinda na kuingia ngozini upya, na mwili ukaipokea kama mwiba. Vinyoleo vya nyembe mbili, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1971, na vile vya nyembe tatu hadi tano vilivyofuata, vimeundwa ili kukata kwa namna hiyo hiyo: wembe wa kwanza huuvuta unywele kidogo, na wa pili huukata kabla haujarudi ndani. Shavu hung'aa siku hiyo, lakini kwa mwenye nywele za kipilipili ulaini huo hugeuka adhabu ya shingo siku chache baadaye. Wembe mmoja huukata unywele karibu na usawa wa ngozi na kuuacha hapo. Sisemi kwamba ni dawa. Mwenye vipele vyenye usaha, au makovu yanayovimba, na amwone daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote, kwa sababu huenda akashauriwa asinyoe kabisa kwa muda.

Katika kuchagua kinyoleo cha kwanza, tafuta kilicho kizito kiasi, chenye pengo dogo kati ya makali na ukingo, kwa kuwa pengo kubwa ni la mkono uliokwisha kuzoea. Kwetu sisi tunaoishi kando ya bahari ningeongeza sharti moja: vichwa vingi vya bei nafuu ni vya zinki iliyopakwa kromu, na kromu ikichubuka, hewa ya chumvi hukila kichwa chote, kwa hiyo anayeweza kumudu cha shaba nyeupe au cha chuma kisichoshika kutu asisite. Nyembe nazo hutofautiana kwa ukali. Feather za Japani zinasifiwa kote kwa ukali wake, na kwa sababu hiyo hiyo si za kuanzia. Anza na za kawaida, na usibadili aina mpaka mkono wako utulie, la sivyo hutajua kama kilichobadilika ni wembe au ni wewe.

Kuhusu brashi, msomaji Mwislamu anapaswa kuuliza kabla ya kulipa, kwa maana brashi nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na muuzaji wa mtandaoni hakulazimika kukukumbusha. Nywele za farasi zinafaa sana, na zile za kutengenezwa viwandani siku hizi ni laini, hukauka upesi, na hazina shaka yoyote. Sabuni ya kunyolea nayo isomwe maandishi yake, kwa sababu baadhi hupikwa kwa mafuta ya wanyama bila kutaja mnyama, ingawa zilizopikwa kwa mawese na nazi zinapatikana.

Sasa nifike kwenye maji, ambayo ndiyo taabu hasa ya kunyolea Lamu, na ambayo maelezo yaliyoandikwa ughaibuni hayaigusi. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima vya Shela, ambako mvua huzama katika vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Kisima kinapovutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Chumvi hudhoofisha povu, na kalsiamu iliyo katika maji magumu hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe usioteleza, hivyo mtu husugua brashi kwa muda mrefu, akapata mapovu makubwa yanayokauka shavuni kabla wembe haujafika, kisha akailaumu sabuni. Suluhisho ni rahisi kwa kuwa povu halihitaji maji mengi: kikombe kimoja cha maji ya mvua, au ya chupa, kinatosha kulowesha brashi na kupiga povu, na maji ya bomba yatumike kwa kusuuza tu. Mwenye birika la kale la kuhifadhia maji nyumbani anaweza kuteka humo kwa kata, ikiwa linajazwa mvua. Vile visamaki vinavyofugwa humo ili kula viluwiluwi vya mbu havitadhurika ukiiweka sabuni mbali.

Nyoa baada ya kuoga, au ukae na uso uliolowa kwa dakika mbili au tatu, kwa sababu unywele uliokunywa maji hukatika kwa urahisi zaidi kuliko ulio mkavu. Izungushe brashi juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha uongeze maji kwa matone, ukiendelea kukoroga, mpaka povu liwe zito na la kung'aa kama mtindi, bila mapovu yanayoonekana kwa macho. Povu jeupe mno, lililosimama kwa ukavu, linaomba maji.

Kabla ya kushika kinyoleo, pitisha kidole shavuni na shingoni ili ujue nywele zinalala upande gani, kwa kuwa shingoni nyingi huelekea juu au pembeni, kinyume na tunavyodhania. Weka kichwa cha kinyoleo ngozini, shusha mpini mpaka makali yaanze kugusa, pembe iwe kama digrii 30, kisha uvute kwa hatua fupi ukifuata ulalo wa nywele. Usikandamize. Kinyozi mmoja mzee wa mtaa wa Langoni aliponiona nikimtazama akifanya kazi aliniambia, "Mwanangu, wembe hausukumwi, huachiwa," na kwa kinyoleo cha chuma neno hilo ni kweli zaidi, kwa kuwa uzito wa kichwa unatosha. Ukitaka kurudia, paka povu upya, upite kwa kukingama na nywele. Kunyoa kwa kurudi kinyume cha nywele, na kuivuta ngozi kwa vidole ili ikaze, ni mambo ambayo mwenye vipele ayaache kabisa, hata kama shavu litabaki na ukwaru kidogo.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na upitishe jiwe la shabu lililoloweshwa. Shabu hufunga vijeraha vidogo, na mahali inapowasha ndipo ulipokandamiza, kwa hiyo iangalie kama mwalimu wa bure. Marashi ya mawaridi kidogo baada ya hapo yanapendeza. Manukato yenye spiriti siyaoni kuwa na faida kwa ngozi iliyotoka kunyolewa.

Wembe usuuzwe, ukung'utwe maji, na usifutwe makali kwa kitambaa. Wengi huutumia mara tano hivi. Ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, ubadilishe siku hiyo hiyo. Usimwazime mtu, hata ndugu, kwa sababu ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Nyembe zilizokwisha zitiwe katika kopo lililotobolewa mwanya juu, wala zisitupwe ovyo vichochoroni, ambako watoto hucheza na punda hutafuta chakula katika taka. Anayesafiri kwa ndege kutoka Manda ajue kwamba nyembe hazikubaliwi katika mzigo wa mkononi. Mimi hubeba kinyoleo kitupu, na pakiti ya nyembe huinunua nikifika.