Mepo ya Kijapani: nilivyochagua mara ya pili

Kosa langu mara ya kwanza nilichagua jani. Nilifika kitaluni nikaona Crimson Queen, aina mojawapo ya mepo, mti wa mapambo, majani mekundu yamechanwachanwa kama nyuzi, matawi yananing'inia mpaka karibu na chini, basi nikaibeba, hata sikuuliza inataka kukaa wapi. Nikaipanda mbele ya ukuta unaopigwa jua la mchana mpaka jioni, na upepo unapita hapohapo. Kiangazi hakijafika katikati ncha zote zimekauka zimejikunja, ukizishika zinasagika vidoleni. Nikadhani kiu, nikawa namwaga maji asubuhi na jioni, kumbe naongeza tatizo, mizizi ya huu mti iko juujuu na haipendi kabisa kukaa kwenye tope.

Halafu chini ya kovu la kubebesha, pale aina uliyonunua ilipounganishwa na shina la mepo nyingine lenye mizizi, likatoka chipukizi la kijani, linakimbia kuliko mti wenyewe, mi nikafurahi nikajua umepata nafuu. Wapi! Lile ni la shina mama, hilo la chini lenye mizizi, ukiliacha linaimeza ile aina uliyonunua. Nikalikata mpaka linapoanzia.

Majira ya baridi yalipofika, majani yameshapukutika, nikaung'oa na bonge lake la udongo nikaupeleka upande unaopata jua la asubuhi tu. Nikaweka matandazo, ila yasiguse shina. Ukatulia. Wekundu umefifia kidogo kwa sababu aina nyekundu zikikosa jua zinaelekea kijani, lakini bora hivyo kuliko majani ya kuungua.

Sasa pale ukutani pakabaki wazi, na safari hii nikaanza na mahali kabla ya mti. Bloodgood ndo nlikua naitaka, nyekundu nzito na jua inalimudu kuliko nyingi, ila inaenda juu mita 4 mpaka 6 na pale kuna dirisha. Osakazuki ni ya kijani kiangazi chote, halafu vuli inawaka nyekundu usiamini ni mti uleule, nayo ni kubwa vilevile. Sango-kaku ilinitesa zaidi, maana vijiti vyake vina rangi ya marijani na vinapendeza zaidi baridi ikiingia, wakati miti mingine imebaki mifupa, nikairudia mara 3 pale kitaluni. Nayo mti mrefu. Nikaiacha kwa shingo upande.

Nikachukua Shishigashira. Jina lenyewe maana yake kichwa cha simba, na ukiutazama unaelewa, majani yamekunjamana, yamebanana kwenye tawi kama manyoya ya shingoni. Ni manene kidogo kwa hiyo jua na upepo haviyasumbui sana. Shida yake inakua polepole mno, mwaka wa 3 huu bado inanifika kiunoni, ila kiangazi kilichopita niliikagua ncha kwa ncha na sikuona hata jani moja lililoungua, na dirisha bado liko wazi.