Barua ya uhamisho ya Anthony Burns

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ilitakiwa itoke Jumatatu na leo tayari Jumatano, mnisamehe, kuna kitu kilinikwamisha na nitakisema huko chini.

Neno letu wiki hii ni Filemoni, kale ka waraka kafupi ambako wengi tunakaruka tukikimbilia Waebrania. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa aliyetoroka, kwa bwana wake Filemoni, na mstari wa 16 anasema ampokee "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Ushikilie huo mstari, twende Marekani kwanza.

Mwaka 1855 kijana mmoja anaitwa Anthony Burns aliomba barua ya uhamisho. Hizi barua tunazijua wote, mtu akihama mji anapita kwa katibu wa kanisa anaandikiwa kwamba huyu ni mshirika wetu, mpokeeni. Burns alikuwa Mbaptisti wa kaunti ya Fauquier huko Virginia, tena alikuwa anahubiri, na sasa yuko majimbo ya kaskazini yasiyo na utumwa anataka kujiunga na kanisa lingine, kwa hiyo akawaandikia wa nyumbani kwa adabu zote. Jibu halikuja kwa bahasha, lilitoka gazetini. Ametengwa na ushirika. Kosa lake ni kumtoroka bwana wake na kugoma kurudi kwa hiari, na kwa kufanya hivyo eti amevunja sheria ya Mungu na ya wanadamu.

Yaani alijiiba. Ndo kesi yenyewe hiyo.

Stori yake iko hivi. Mwanzoni mwa 1854 alijificha kwenye meli kule Richmond akatokea Boston, akapata kazi kwenye duka la nguo, maisha yakaanza. Akamkumbuka kaka yake aliyebaki utumwani (nani asingemkumbuka), akamwandikia barua akaipitishia Canada ili isijulikane imetoka wapi, ila juu ya karatasi akaandika mwenyewe kwa mkono wake neno Boston. Barua ya mtumwa ilikuwa inasomwa na bwana kwanza. Tarehe 24 Mei wakamkamata jioni akitoka kazini, wakamdanganya kwamba ameiba kwenye duka la vito, kufika mahakamani anakutana uso kwa uso na bwana wake Charles Suttle ambaye anamwinamia kwa kejeli anamwita "Mr. Burns".

Sasa hapa ndo uelewe ile sheria ya 1850 ya watumwa waliotoroka. Aliyeshikwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake, hakuna baraza la raia la kuamua kesi, anaamua kamishna mmoja tu, na kamishna analipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe, dola 5 akiamua aachiwe. Walioitunga walisema eti ni kwa sababu kumrudisha mtu kuna makaratasi mengi zaidi. Haya.

Kamishna akaamua arudishwe. Tarehe 2 Juni Burns akatembezwa kutoka mahakamani mpaka bandarini katikati ya askari wenye bunduki na mzinga, watu wanakadiriwa 50,000 wamejaa barabarani, maduka yametundika vitambaa vyeusi kama msiba na juu ya mtaa linaning'inia jeneza limeandikwa Uhuru. Matajiri wa Boston ambao siku zote walikuwa wanasema tusiwaudhi watu wa kusini biashara itaharibika, waliamka wameshageuka. Na siku tatu tu kabla, Mei 30, Rais alikuwa amesaini sheria ya Kansas na Nebraska iliyofuta ule mpaka wa 1820 uliokuwa unauzuia utumwa usipande kaskazini, kwa hiyo kwa wiki moja watu walipigwa vibao viwili. Baada ya hapo ni kuteremka tu: watu wanauana Kansas, 1856 seneta Sumner, mpinga utumwa, anapigwa kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti mpaka anaanguka, 1857 Mahakama Kuu inasema kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, 1860 Lincoln anayepinga utumwa usienee anachaguliwa rais, majimbo saba ya kusini yanajitoa hata hajaapishwa, na Aprili 12, 1861 mizinga inalia kwenye ngome ya Fort Sumter, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza.

Lakini mimi kilichonishika si mizinga. Ni kwamba kanisa lilipasuka KABLA. Wamethodisti waligawanyika 1844 baada ya kubishana juu ya askofu James Andrew wa Georgia, aliyekuwa na watumwa kwa urithi na kwa ndoa. Wabaptisti 1845, swali lao lilikuwa je mwenye watumwa anaweza kutumwa umisionari (hebu lisome tena hilo swali taratibu). Hata seneta Calhoun, mtetezi mkubwa kabisa wa utumwa, kwenye hotuba yake ya Machi 4, 1850 alisema kamba zinazoifunga nchi zimeanza kukatika na zilizotangulia ni za makanisa. Alikuwa anaumwa sana hivyo hotuba ilisomwa kwa niaba yake na seneta Mason wa Virginia, na huyo Mason ndiye aliyeandika ile sheria ya dola 10 na dola 5. Miaka 15 baadaye, tarehe hiyohiyo Machi 4, Lincoln akiapishwa mara ya pili alisema pande zote mbili zinasoma Biblia ileile na zinamwomba Mungu yuleyule. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaua watu malaki.

Na walikuwa wanasoma kweli jamani, tusidhani hawakuwa watu wa maombi. Wahubiri wa kusini waliupenda sana huu waraka wa Filemoni, walisema si mnaona, Paulo mwenyewe kamrudisha mtoro. Mstari wa 16 wakaupita haraka. Na Kumbukumbu la Torati 23:15, inayokataza kumrudisha mtumwa aliyekukimbilia, hiyo sijui walikuwa wanaifunika na kidole.

Watu wa kaskazini nao wasijifanye malaika. Viwanda vya Massachusetts, jimbo lenye hiyo Boston, vilikuwa vinasokota pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, na kitambaa chake kikapandishwa meli za Salem mpaka Unguja kwa babu zetu, ndo ile merikani tunayoitaja mpaka leo, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu zilizobebwa kutoka bara, na wengi wa waliozibeba tunajua waliishia wapi. Soko la watumwa Unguja limefungwa 1873. Kwa hiyo hii habari si ya mbali kihivyo.

Turudi kwa Burns. Richmond alifungwa kwenye gereza la mfanyabiashara wa watumwa anaitwa Lumpkin, miezi minne na pingu, kisha akauzwa mnadani kwa dola 905. Mchungaji Leonard Grimes wa Boston akazunguka kuchangisha mpaka akamnunua kwa dola 1,300 akamwacha huru. Ndo akaomba ile barua ya uhamisho. Na alipotengwa hakunyamaza, aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyeibwa, aliibwa siku aliyozaliwa, na sheria ya Mungu aliyoitii ni ile iliyoandikwa moyoni mwake ya kupenda uhuru. Akawanukulia 1 Wakorintho 7:21, kwamba ukipata nafasi ya kuwa huru, ichukue. Kijana wa miaka ishirini na kitu anawafundisha wazee wake Biblia! Alisoma chuo cha Oberlin, akawa mchungaji Canada, akafariki 1862 akiwa na miaka 28.

Sasa kilichonikwamisha Jumatatu. Nilikuwa nasoma habari ya hiyo barua nikakumbuka kanisa nililokuwa zamani, silitaji, mimi nilikuwa katibu. Dada mmoja alikuwa anafanya kazi za ndani kwa mzee wa kanisa. Siku moja aliondoka alfajiri na begi lake. Mzee akaleta shauri barazani kwamba katoroka bila kuaga, ni ushuhuda mbaya, tukajadili kama dakika kumi na chai ikiwa mezani, tukamtenga. Hakuna aliyeuliza kwa nini kaondoka. Daftari nilikuwa nalo mimi, nikachora mstari juu ya jina lake kwa peni nyekundu nikaandika pembeni AMETENGWA, tena kwa mwandiko mzuri. Baadaye alituma meseji kuomba barua ya uhamisho. Sikujibu.

Filemoni mstari wa 19 Paulo anasema ameandika kwa mkono wake mwenyewe, yeye atalipa. Niliposoma pale sikuendelea. Nikaanza kutafuta namba, huyu ananipa ya yule, mpaka jana nikaipata nikamwandikia kuomba msamaha na kwamba barua nitaifuatilia.

Kajibu saa nne usiku. "Shikamoo katibu. Barua sihitaji tena, nilishapokelewa huku bila barua. Ila ile mishahara ya miezi mitano bado naidai."

Miezi mitano. Namba ya mzee ninayo, toka asubuhi nimeandika meseji mara tatu na kufuta.