Kisu cha mzamiaji: siku yangu moja kati ya Msasani na Mbudya

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai, huvitoa vifaa vyangu vya kukatia na kuvikagua kimoja kimoja chini ya taa, kwa sababu kutu ya bahari huanza kama kidoa kidogo kwenye shina la makali, pale ambapo mpini hukificha. Kisu changu kifupi ni cha titani, madini ambayo maji ya chumvi hayayali. Mkasi wangu ni wa chuma kinachouzwa kwa sifa ya kutoshika kutu, ingawa kikiachwa na chumvi siku kadhaa hushika.

Saa 1 asubuhi, Msasani, Dar es Salaam. Bamvua lilikuwa limepita na maji yalikuwa mafu, hali ninayoipenda kwa kazi ya kukata nyavu, kwani mkondo huwa dhaifu. Kijana ninayemfundisha alifika na kisu kirefu chenye ncha kali alichokinunua Kariakoo, amekifunga kwa nje kwenye shavu la mguu wa kulia. Nilimwuliza, "Mdogo wangu, hicho utakatia nini?" Akajibu, "Chochote kitakachoninasa, kaka." Niliona ni afadhali majibu ayapate kwa mikono yake mwenyewe.

Saa 2 asubuhi, ndani ya boti. Nilimwomba nahodha kipande cha mshipi wa kuvulia, kipande cha wavu wa nailoni, kamba nene kama kidole na waya mwembamba wa ndoano, nikavilowesha vyote kwenye ndoo. Kijana alivaa glavu, akafumba macho, akaanza kukata kwa mkono mmoja. Kisu chake kirefu kiliikata kamba iliyovutwa ikakaza, lakini mshipi uliolegea ulikuwa unakwepa makali kila alipousukuma, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalifikirii wanapochagua kisu, kwamba makali ya kawaida yanahitaji kitu kilichokaza, ilhali wavu ndani ya maji huelea na kulegea. Kikatio kidogo chenye umbo la ndoano, ambacho wembe wake umefichwa ndani ya mfereji, kiliukata mshipi na uzi wa wavu kwa mvuto mmoja, ila kamba nene haikuingia kabisa katika mfereji huo. Makali yenye meno kama ya msumeno yaliishinda kamba. Mkasi wa kukatia nguo za majeruhi, ule unaotumika hospitalini, ulikata vyote vinne, ukiwemo waya, bila kuhitaji kitu chochote kivutwe.

Saa 4 asubuhi. Kisiwa cha Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu 1975 na uvuvi hauruhusiwi humo, lakini nyavu zilizokatika huletwa na mkondo na kujizungusha kwenye matumbawe. Kabla ya kuugusa wavu, tulitua kwenye mchanga, nikaushika mkono wa kulia wa kijana na kumwashiria achukue kisu kwa mkono wa kushoto. Alijikunja, akapapasa, hakukifikia. Mzamiaji hunaswa mara nyingi kwa nyuma, kwenye vali ya mtungi wa hewa, na akigeuka kutazama hujifunga zaidi. Kwa hiyo kifaa kikae kifuani au kiunoni, mahali ambapo mkono wowote utakifikia. Nilimpa mkasi wangu wa pili.

Hesabu ya hewa ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu jambo hili. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mara 200 ya shinikizo la kawaida hubeba takriban lita 2,400. Mtu mtulivu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji huvuta 40 akiwa mita 10 chini, kwa kuwa shinikizo la hapo ni maradufu, na akihangaika kiasi hicho hupanda upesi.

Saa 7 mchana. Tulikuwa tumeutoa wavu vipande vipande, bila kuuvuta kwa nguvu, maana kuvuta huvunja matumbawe. Tukiwa tunakula, nahodha alikitazama kisu changu cha titani na kusema, "Mwanangu, hicho hakishiki makali." Ni kweli. Titani hupoteza makali mapema kuliko chuma kizuri, nami hukinoa mara nyingi. Nimechagua kunoa kuliko kusugua kutu. Anayezamia mara chache na kuviosha vifaa vyake vizuri atanufaika na chuma. Ncha, hata hivyo, nataka iwe butu, kwa sababu ncha kali hutoboa jaketi la kuelea au paja la mwenzako wakati mikono inatetemeka.

Saa 10 jioni tulipitia duka la vifaa vya tiba, kijana akanunua mkasi wake.

Saa 12 jioni. Niliviosha vifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikafungua skrubu ya mkasi, nikaikausha ala kwa ndani na kupaka mafuta ya kupikia kidogo sana. Kile kisu kirefu kilibaki kwa nahodha, ambaye tulimwacha ufukweni akikitumia kupasulia samaki aina ya changu wa kitoweo chake.