Kilo

Nilikuwa niandike habari za harusi ya binti ya ami, maana niliahidi. Harusi ilikwenda salama, pilau ilitosha, bibi harusi alilia hadi wanja ukamchirizika, na kaka akapata viza yake ya Qatar siku hiyo hiyo. Zimekwisha. Mimi wiki nzima ninazungushwa na swali la mtu ambaye hata jina lake silijui.

Wageni wetu wa Mombasa walitaka kupanda boti za sakafu ya kioo, za kutazamia samaki, kabla ya kurudi kwao. Tukakodi tuktuk mpaka Casuarina, mimi nimejibana na kigari changu, kiti changu cha magurudumu, magurudumu makubwa yamevuliwa nimeyapakata. Kaka alikwisha kupiga hesabu ya maji. Mwezi ulikuwa umeandama juzi juzi, kwa hiyo ni bamvua, na bamvua hapa Malindi maji hupwa kwenye saa nne asubuhi, huenda mbali kweli. Watu wa miguu hutazama bamvua kwa ajili ya uvuvi au kuogelea. Mimi huitazama kwa ajili ya mchanga. Mchanga uliotoka kuachwa na maji umeshikana, kigari kinapita. Balaa ni ule mkavu wa juu, unaokuja kabla hujaufikia mbichi: magurudumu madogo ya mbele yanazama papo hapo, na ukisukumwa kwa nguvu unaruka wewe, kigari kinabaki.

Kaka ana njia yake. Hunigeuza mgongo upande wa bahari, anainamisha kigari kilalie magurudumu ya nyuma, ananivuta kinyumenyume juu ya mbao mbili alizotoka nazo karakana. Tukimaliza ubao wa kwanza, mtoto mmoja anauokota na kuukimbiza mbele ya wa pili. Ndiyo maana pwani mimi huifikia nikiwa naitazama misonobari ya bahari na watu wanaonitazama.

Tukafika. Boti ilikuwa imetia nanga kwenye maji ya magotini. Kijana mmoja wa boti akamuuliza kaka, "Huyu naye anapanda?" Kaka akasema muulize mwenyewe. Kijana akacheka kidogo, hakuniuliza. Wa pili akamuuliza kaka kama naogopa maji. Mama mmoja wa kundi jingine akamuuliza kaka, kwa huruma ya kutosha kujaza kikapu, "Alianguka, au kazaliwa hivyo?" Haya nimeyazoea, sikuja kuwalilia nayo.

Ndipo akaja nahodha mwenyewe, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkononi kipande cha kamba. Rika la kaka, au amempita kidogo. Akampita kaka, akasimama mbele yangu.

"Dadangu, una kilo ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, bwana."

Akanitazama kuanzia mabegani kushuka, taratibu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na pwani nzima: "Sitini na mbili. Wawili watosha."

Vijana wakaangua kicheko. Binti za ami wakacheka. Mimi uso ukanipanda moto hadi masikioni.

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo. Nimeyarudia usiku, nimeyarudia kibandani kwangu watu wakisubiri kutuma pesa. Nimejitungia majibu. "Na wewe je, una ngapi?" Hilo lilikuwa zuri. "Kwani unaniuza?" Hilo lingeniletea sifa mpaka Lamu. Badala yake nilisema sijui, tena mara mbili, na kinachonichoma si swali. Kinachonichoma ni kwamba ni kweli. Mimi ninayejua salio la nusu ya mtaa, ninayeweza kukwambia nani alikopa mwezi uliopita na nani anajifanya kasahau, sijui uzito wa mwili wangu mwenyewe. Tangu ajali sijapimwa. Mizani ya kliniki ni ya kusimama. Muuguzi hufika kwenye ule mstari wa kadi, akanitazama, akautazama mzani, kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho ulikuwa ngapi?" Nikimwambia, anaandika. Hivyo kwenye kadi yangu nina uzito wa msichana wa kidato cha nne aliyekuwa akicheza netiboli, na dawa napimiwa kwa kilo za msichana huyo.

Usiku mmoja niliitoa Katiba, ile ya 2010, nikasoma Kifungu cha 54. Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kutoitwa wala kutajwa kwa namna ya kumdunisha. Nilikuwa natafuta nahodha kakosa wapi. Sikupaona. Kaniita dadangu, kaniuliza mwenyewe, na swali lilikuwa la kazi: abebe na watu wangapi. Kifungu hicho hicho kinataka pia tuweze kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu pwani pale isipokuwa mbao mbili za kaka, ambazo zimefanya zaidi ya sehemu yao.

Binamu yangu wa Italia (mnamjua, yule wa sauti ndefu za WhatsApp) alipokwenda Ugiriki likizo alinirushia video. Reli mbili zimeteremka kutoka ufukweni hadi ndani ya maji, juu yake kiti, kinaendeshwa kwa umeme wa jua. Mzee mmoja akahamia kwenye kiti, akabonyeza kitu, kikamshusha polepole mpaka maji yakamfika kifuani. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemuuliza kilo. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima kwa wivu. Juzi nimeirudia, na nikajikuta nawaza: lakini mzee yule hana mtu wa kuzungumza naye njiani.

Maana bado sijawaambia habari za boti.

Walinibeba wawili, kama alivyosema. Nahodha ndiye aliyeelekeza. Mmoja nyuma yangu, mikono imepita kwapani, ameshika vifundo vya mikono yangu nilivyovipishanisha kifuani. Mwingine chini ya mapaja, karibu na magoti, asishike miguuni. Nikamuuliza amejifunza wapi, akasema mamake. Hakuongeza neno. Kabla sijawekwa akapitisha kiganja juu ya ubao wa kukalia, akakitoa haraka, akaagiza ubao umwagiwe maji, halafu mto wangu ndio utangulie. Miguu yangu haihisi moto. Ningeketi pale nikishangaa samaki huku ngozi inaiva, nigundue jioni nikikiona kidonda. Kwetu nyumbani ni Mama peke yake anayekumbuka kugusa kwanza.

Na samaki nimewaona! Kioo kilikuwa na ukungu wa mikwaruzo upande mmoja, lakini upande wangu ulikuwa safi. Pono mkubwa, kijani na waridi, akiguguna matumbawe, na nahodha akazima injini ili tumsikilize. Unamsikia kweli, krr, krr, kupitia mbao za boti. Vitatange viwili vikipita pamoja. Nahodha akawa anatuonyesha sehemu za matumbawe zilizokufa mwaka 1998, bahari ilipopata joto, na sehemu zinazorudi. Hifadhi ile ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968. Mimi mwenyeji, nimezaliwa hapa Shela ya Malindi, na nyuma ya kioo kile nilikuwa mgeni kuliko wale wa Mombasa. Binti za ami walitapika. Mimi sikutapika. Naomba liandikwe.

Sasa, mzani.

Jirani wa kibanda changu ni yule mzee wa skrepa. Ana mzani wa chini, wa bamba pana, anaopimia majiko yaliyooza na injini za pikipiki. Nimepita mbele ya mzani ule asubuhi na jioni tangu nifungue kibanda. Jumatano nikamwita. "Mzee, nipime." Akadhani nauza kigari.

Tukaegemeza ubao, nikapanda. Sindano ikatulia kwenye 86. Nikahamia kwenye benchi lake, tukapima kigari kitupu: 17. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, mimi nilikwisha kupata. Sitini na tisa.

Nilikaa pale benchini namtazama mzee akirudisha kigari changu chini. Sitini na tisa. Mtu anayebeba watu na mizigo miaka yote, anayejua kwa jicho boti yake imelala kilo ngapi upande gani, anakosea kilo saba? Hapana. Nikaanza kuirudia upya, safari hii polepole: vile alivyonitazama, vile alivyosema kwa sauti kubwa mbele ya watu, vile yule kijana wa mapajani alivyoguna tulipofika kwenye maji na nahodha akamkata jicho anyamaze. Alinipunguzia! Mbele ya binti za ami, na shanga zao na kope zao za kubandika, bwana yule alinipunguzia kilo saba kwa adabu zake, na mimi nimekaa wiki nzima nimenuna.

Nikamhadithia Mama usiku tukichambua mchele. Akanyamaza muda, akatoa kijiwe, akauliza, "Nahodha huyo ana mke?"

Sikumjibu. Lakini nimeangalia kalenda: bamvua nyingine ni mwezi ukiwa mpevu, na kadi ya kliniki nimeifuta kwa wino mweupe nikaandika 69 kwa mkono wangu. Muuguzi akiuliza, nitamwambia nimepimwa kwenye skrepa.

Kinachonikosesha usingizi leo lakini ni paa la jiko. Masika hayo yanakuja, upande wa kisimani makuti yameoza yote, nimeona mbingu kwa macho yangu nikipika chai. Fundi alichukua pesa ya makuti mia mbili tangu kabla ya harusi, akaapa kwa watoto wake. Nimempigia tangu jana asubuhi, ni "mteja", hapatikani. Kama kuna anayemwona huko Maweni, amwambie Mama anamtafuta, asimwambie ni mimi.