Kazi za Chakula na Lishe kwa Kijana wa Kusini

Kila matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotoka, wazazi wa hapa Mtwara hunipigia simu, na swali lao huwa ni lile lile: mtoto amefaulu Baiolojia na Kemia, je, aombe udaktari au uuguzi? Huwajibu kwamba fani zote mbili ni njema, kisha nikaomba nafasi ya kuwaeleza kazi nyingine ambazo hazitajwi sana barazani, nazo zinahusu chakula tunachokula, usalama wake, na namna kinavyojenga au kubomoa afya ya mtu. Nimefanya kazi katika sekta hii kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba mikoa yetu ya Kusini inaihitaji elimu hiyo kwa namna ya pekee, kwa sababu ya vyakula vyetu wenyewe.

Tuanze na chumvi. Katika pwani yetu, kuanzia Kilwa na Lindi hadi vijiji vya Mtwara, watu huingiza maji ya bahari kwenye majaruba, jua likayakausha, kisha chumvi ikakwanguliwa na kufungwa kwenye viroba. Kwa macho chumvi hiyo haina kasoro, lakini madini joto yake (ayodini) hayatoshi, na mwili ukiyakosa mtu huota rovu, yaani uvimbe wa shingoni, na kwa mama mjamzito madhara humfikia mtoto tumboni na kudumaza ubongo wake. Ndiyo maana chumvi ya kula inatakiwa kisheria kuongezwa madini joto. Mzalishaji mdogo huinyunyizia maji yenye potasiamu ayodeti kwa kipimo maalumu, kisha akaichanganya vizuri ili isizidi upande mmoja na kukosekana upande mwingine. Afisa afya au afisa lishe akifika dukani huweka chumvi kidogo kwenye kisahani na kuidondoshea tone la dawa ya kupimia: ikigeuka zambarau, madini joto yamo, ikibaki nyeupe, hayamo. Nyuma ya tone hilo yuko mtu wa maabara anayepima kiasi halisi, yuko mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, na yuko mtu mvumilivu wa kukaa na wazalishaji majarubani hadi kipimo kikaeleweka. Hizo tayari ni kazi tatu tofauti, na zote zinaanzia kwenye kiroba kimoja cha chumvi.

Muhogo unanigusa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya mkoa wetu vilipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, wala miguu hiyo hairudi kuwa kama zamani. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo chake ni muhogo mchungu wenye sumu ya sianidi unapoliwa kabla haujaandaliwa ipasavyo, hasa nyakati za ukame na njaa, ambapo familia haina subira ya kusubiri makopa yakauke na haina samaki wala kunde za kuupa mwili protini ya kupambana na sumu hiyo. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walishirikiana na wenzao wa Australia kuwafundisha wanawake wa vijijini njia rahisi sana: unga wa muhogo unaloweshwa kwa maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka au jamvi, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu inatoka kama hewa. Baada ya hapo ugali unasongwa kama kawaida, siku hiyo hiyo.

Naomba kijana anayesoma aitafakari kazi hiyo. Haikuhitaji mashine wala dawa ya kununua. Ilihitaji mtu anayejua kemia ya mmea, anayeweza kupima sianidi katika unga na katika mkojo wa mtoto wa shule, na ambaye baada ya vipimo hivyo anaweza kukaa jikoni na akina mama akawasikiliza wanavyopika. Mtafiti wa namna hiyo akitoka Newala au Nachingwea atakuwa na faida ambayo mgeni hawezi kuipata darasani.

Kuhusu korosho nitasema kwa upana, maana ndiyo inayotulisha. Sehemu kubwa ya korosho zetu bado husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na pamoja nazo huondoka kazi za viwandani ambazo vijana wetu wangezifanya. Katika kiwanda cha ubanguaji korosho hupikwa kwa mvuke, hubanguliwa kwa uangalifu kwa kuwa mafuta ya ganda huchubua ngozi, hukaushwa kwenye tanuri, humenywa ngozi ya ndani, kisha hupangwa kwa madaraja. Daraja la W320 maana yake ni punje nzima nyeupe zipatazo 300 hadi 320 katika ratili moja, na punje hizo zikivunjika bei hushuka. Mdhibiti ubora husimama mezani na sampuli yake, akapima unyevu, akahesabu punje, akatafuta dalili za wadudu na ukungu, na neno lake ndilo linaloruhusu au kuzuia mzigo. Anahitajika pia mtu wa usafi wa kiwanda, fundi wa mitambo, na anayezijua kanuni za nchi mnunuzi. Yapo vilevile mabibo, tunda la mkorosho, ambayo yana vitamini C mara kadhaa kuliko machungwa, lakini kila msimu mengi huoza chini ya mikorosho. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, wamekuwa wakifundisha kuyageuza kuwa juisi na jamu. Wanaosubiriwa ni vijana wa kuibeba elimu hiyo hadi sokoni.

Hospitalini nako kuna nafasi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, akiwa mahututi hapewi chakula kingi kwa pupa, kwa sababu mwili wake hauwezi kukimudu. Huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100, na huongezewa nguvu polepole chini ya jicho la mtu aliyesomea lishe. Vilevile mgonjwa wa kisukari wa Tandahimba hasaidiwi na karatasi inayomwambia ale tufaha na mkate wa ngano isiyokobolewa. Anahitaji mtu anayejua ugali wa muhogo, mtama, ming'oko (viazi vya porini), kisamvu cha nazi na dagaa, na anayeweza kumpangia sahani kutokana na vyakula hivyo.

Njia ya kufika huko si fumbo. Kemia na Baiolojia ndizo nguzo, na yupo anayeingia Kidato cha Tano kwa mchepuo wa CBN, unaojumuisha Kemia, Baiolojia na somo la chakula na lishe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada za sayansi na teknolojia ya chakula na za lishe ya binadamu. Asiyefika chuo kikuu aangalie stashahada za afya ya mazingira, kilimo na maabara, au mafunzo ya ufundi ya VETA.

Sitamficha mtu kwamba ajira za serikali huchelewa, ingawa halmashauri zina nafasi za maafisa lishe. Kwa hiyo wengi huanzisha usindikaji wao, na bidhaa inayokimbiliwa kuliko zote ni unga lishe, yaani unga wa uji wa nafaka na karanga zilizochanganywa. Hapo nina ombi kwa dhati. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ambayo haimalizwi na kupika, ambayo ikiliwa kwa muda mrefu huchangia saratani ya ini, na mlaji wa unga huo ni mtoto mchanga. Anayetaka kuingia katika biashara hiyo akaushe nafaka zake juu ya turubai, asiziweke ardhini, achambue karanga moja moja na kuzitupa zilizosinyaa na zenye ukungu, apunguze idadi ya nafaka anazochanganya, kisha aende SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani kupata mafunzo na barua ya utambulisho, apeleke sampuli TBS, na asiuze hata pakiti moja kabla majibu ya maabara hayajatoka.