Daftari la nusu pointi, wiki ya 7: hatimaye Vancura imekaa

Jana usiku saa tano na kitu nimeshika droo (sare, nusu pointi kila mmoja) na Stockfish, injini ya chesi, kwa kinga ya Vancura, mpaka hatua 50 bila kipande kuliwa wala askari kusukumwa zikaisha, ngome yangu ikimtazama askari wake kutoka ubavuni, na nimefurahi kiasi kwamba sikulala vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Mpango ulikuwa kupitia skoshiti zangu zote (karatasi za kuandikia hatua) za mashindano ya mwaka jana na kupanga kila nusu pointi niliyoipoteza, ufunguzi kivyake, kati kivyake, mwisho kivyake. Nimefika ya kumi na moja tu. Ya kumi na moja ndiyo ile ya raundi ya mwisho na nimeganda hapo wiki tatu sasa.

Pozisheni yenyewe (herufi na namba ni miraba ya bodi, R ni ngome): mimi nyeusi, mfalme g7, ngome a1. Yeye mfalme f3, ngome a8, askari mmoja tu a6. Zamu yangu, dakika nne kwenye saa, hakuna sekunde za kuongezwa. Nikacheza Ra2, kisha nikarudi Ra1, nikisubiri tu, maana tangu naanza chesi nimeambiwa ngome inakaa nyuma ya askari, basi. Mfalme wake akaja e4, akaja d5, na hapo imekwisha, nikimpiga cheki anapanda mpaka a7 anajificha mbele ya askari wake mwenyewe na mimi sina tena cha kufanya. Nilisaini karatasi mikono ikitetemeka.

Sasa nimeiweka kwenye tebobezi, hazina ya majibu kamili ya pozisheni zenye vipande vichache, hapa vitano tu, jibu linatoka papo hapo: droo. Rf1 cheki! Mfalme akija e4 unaweka Rf6 na ngome inamtazama askari kutoka pembeni. Ngome yake haiwezi kuacha safu ya a maana askari analiwa. Mfalme akija b5 kumlinda, Rf5 cheki, akipanda b6, Rf6 cheki, b7, Rf7 cheki, hana pa kujificha kwa sababu unampiga kwa ubavu, sio kwa nyuma. Akisukuma a7 ndio unarudi nyuma yake, Ra6, na mfalme wako anacheza g7 na h7 tu, USIENDE f7, kuna Rh8 pale, ukila askari anakupiga Rh7 cheki na ngome imeenda.

Huyu Vancura alikuwa Mcheki, uchambuzi wake ulichapishwa 1924. Miaka mia moja jibu lipo na mimi nilikuwa na dakika nne nzima! Hicho ndicho kinaniuma, hatua ya kwanza ilikuwa cheki, na cheki huwa naangalia kila mara isipokuwa siku ile.

Kuhusu vifaa, injini peke yake haikunifundisha chochote. Inakupa 0.00, yaani sawa kwa sawa, unatikisa kichwa unaendelea. Kilichosaidia ni bodi ya mbao na mpwa wangu wa miaka kumi na mbili, nampa nyeupe, saa dakika mbili mbili, tunarudia pozisheni ile ile. Amenishinda mara nne mwanzoni, kila mara kwa sababu nilichelewa kupiga cheki mfalme wake alipofika b5. Mara ya tano akaniambia, "Mjomba, leo hupiti nyuma." Hapo nikajua mkono umeanza kuelewa.

Na waandaaji wa mashindano madogo naomba tena, wekeni hata sekunde kumi kwa hatua. Mwisho wa mchezo wenye ngome bila nyongeza ni kukimbizana na kitufe cha saa tu.

Skoshiti ya kumi na mbili bado ipo mezani, lakini mpwa amekuja na swali: askari akiwa bado a5 inakuwaje? Tumeshaipanga kwenye bodi, yeye nyeupe.